Mkate Wenye Harufu ya Rangi

Mlango wa oveni yangu una springi iliyolegea. Ukifunguliwa hulia kidogo, kama paka aliyekanyagwa mkia halafu akaona haya kupiga kelele. Jumatatu ile niliusikia kabla hakujapambazuka, nikajua mjukuu wangu ameamka tena kujaribu rangi.

Nilitafuta kandambili kwa miguu, nikaenda jikoni. Alikuwa amechuchumaa mbele ya oveni, tochi ameibana kwapani, koleo mkononi, na kwenye koleo kifuniko cha kopo la maziwa kilichopakwa rangi nyeusi. Alikuwa anakipuliza kama mtu anayepooza uji.

"Rudi ukalale, Bibi."

"Nilale vipi na nyumba inanuka gereji?"

"Nimefungua dirisha."

"Nimeona. Mbu nao wameona."

Akacheka, lakini cheko la juu juu. Akakiweka kifuniko mezani kwenye safu ya vingine. Nilivihesabu, vilikuwa kumi na kimoja. Pembeni, juu ya kitambaa safi, kilikaa kifuniko kingine peke yake, na hicho hakikuwa cha kopo wala hakikupakwa na yeye. Akakigusa kwa kidole gumba, akagusa cha kwake, akatikisa kichwa.

"Bado?"

"Bado."

Nieleze kwanza kazi yake, maana hata mimi ilinichukua muda kuielewa. Mjukuu wangu hatengenezi injini. Magari ya zamani yanapofufuliwa, yeye huletewa vile vitu ambavyo jicho linavikuta kwanza na mkono unavigusa kila siku: dashibodi za bati, visanduku vya geji, vifuniko vya juu ya injini. Vingi vya zamani vilipakwa rangi ya mikunjo. Ni rangi nzito. Ukiipaka nene na kuipasha joto, ngozi yake ya juu hukauka kabla ya tumbo, ikajivuta na kujikunja, ikatoa vijimistari unavyovisikia kwa kidole. Haiwaki jua likiipiga, na haionyeshi alama za mikono. Siku ya kwanza nilipoiona ikijikunja ndani ya oveni nilimwambia, pole mama, imeharibika. Alicheka mpaka akakaa sakafuni.

Oveni yenyewe ni zawadi ya marehemu mume wangu. Huu ni mwaka wa pili haijapika chakula, kwa sababu mjukuu wangu alinikalisha chini akanieleza kwamba rangi na tumbo la mtu havipatani. Jioni ya siku hiyo alirudi na sufuria mpya, nene, akaiweka mezani. Tangu hapo mikate yangu naichoma humo, makaa chini na makaa juu ya kifuniko.

Safari hii kazi ililetwa na mwalimu mkuu mstaafu, mama mpole aliyeachiwa gari na baba yake. Alileta vipande viwili vimefungwa kwenye blanketi. Cha kwanza ni dashibodi yenyewe, ndefu kuliko mkono wangu, imechunwa na jua, na juu yake mtu aliwahi kugandisha kipande cha zulia. Cha pili ni kifuniko cha kile kisanduku cha mbele ya abiria, panapowekwa karatasi za gari na peremende. Hicho kilikuwa kizima. Kiliwahi kupakwa upya miaka mingi nyuma, na rangi yake ilikuwa imetulia kama ya jana.

"Piga msasa vyote viwili, upake upya, vifanane," mwalimu alisema. "Ijumaa fundi wangu anafunga gari. Usijisumbue na mambo mengi."

Kazi nyepesi. Lakini mjukuu wangu alikuwa amekishika kile kifuniko, hakiachii. Mwalimu alipoondoka akaniambia, "Bibi, hii ni kazi ya Babu."

Babu huyo si mume wangu. Ni mzee ambaye mtaa mzima unamwita Fundi Taratibu, kwa sababu ya neno lake moja. Yeye na mume wangu walifanya kazi karakana moja miaka thelathini, mume wangu akinyoosha mabati, yeye akipaka rangi. Kwake ndiko mjukuu wangu alikojifunza, miaka minne. Mikono ya mzee ilipoanza kutetemeka, mjukuu wangu ndiye aliyekuwa wa kwanza kuona, na hakusema. Alianza kufungua makopo kabla mzee hajaomba. Alimmiminia chai nusu kikombe, kisha akaongeza nusu nyingine, ili isimwagike. Nilikuwa nikiyaona hayo najiambia, huyu tumemlea vizuri.

Halafu siku moja mzee alipaka kifuniko cha injini na mkono ukamwangusha. Rangi ilijaa upande mmoja, upande mwingine ikawa nyepesi. Mzee akavaa koti lake akaondoka. Mjukuu wangu akabaki, akakipiga msasa mpaka kwenye bati, akakipaka upya, akakikausha, akakirudisha pale pale kilipokuwa. Kesho yake mwenye mali akaja, akamsifu mzee mbele ya watu. Mzee akapitisha kidole juu ya ile rangi mara moja tu. Mkono wa mtu kwenye rangi ni kama mwandiko wake. Alijua si wake.

Hakugomba. Alisafisha bomba lake la kupulizia rangi, akalifunga kwa kitambaa, akampa mjukuu wangu, akasema, "Mimi nimemaliza." Akafunga karakana hiyo, iliyoko nyuma ya nyumba yake. Mjukuu wangu alikwenda kupiga hodi mara tano. Mara zote tano redio ilizimwa na mlango haukufunguliwa. Mimi nami nikawa nasalimiwa dirishani tu.

"Nimeshapiga msasa kazi yake mara moja," mjukuu wangu aliniambia alfajiri ile, akiwa bado amechuchumaa. "Mara ya pili siwezi, Bibi. Nataka dashibodi ifanane na kifuniko chake, chenyewe kibaki kama kilivyo. Nikishindwa mpaka Alhamisi, nitamrudishia mwalimu vyote viwili atafute mtu mwingine."

"Na huyo mtu mwingine atafanya nini?"

"Atapiga msasa."

Alinionyesha tofauti. Mikunjo yake ilikwenda kila upande, kama ngozi ya maziwa yaliyopoa. Ya mzee ililala upande mmoja, kama nyasi upepo ukipita. Alikuwa amejaribu moto mkali, moto mdogo, rangi nene, rangi nene zaidi. Kila kifuniko alikifunga uzi wa rangi yake ili tukumbuke kipi kilipikwaje. Nyuzi zilikuwa za kikapu changu cha kushonea, sikulalamika.

Alipokwenda kununua msasa nilivichukua vyote kumi na kimoja, nikavitia kikapuni, juu yake nikaweka mkate wa jana, nikafunika kwa kitambaa. Sikumwambia mtu ninakokwenda.

"Hodi."

Kimya.

"Hodi, shemeji. Najua upo, redio inasema."

Redio ikazimwa.

"Sasa haisemi," sauti ikatoka ndani. "Kwa hiyo sipo."

"Basi ukirudi utakuta mkate wako nimeulia hapa mlangoni."

Nikakaa kwenye ngazi kweli. Nikasikia kiti kikisogezwa, kisha komeo. Mlango ulifunguka kiasi cha uso. Alikuwa amepungua. Shati lake lilikuwa limefungwa vifungo kwa kupishana, upande mmoja wa ukosi juu, mwingine chini, na nikatazama maua ya jirani mpaka aliponikaribisha.

Tulikaa jikoni kwake. Nikakata mkate vipande vyembamba, vya kuumwa mara moja tu. Akanusa.

"Shemeji, huu mkate wako unanuka rangi."

"Umekaa kikapu kimoja na mizigo."

"Mizigo gani?"

Nikavipanga mezani. Alivitazama kwa muda mrefu, mikono yake ikiwa chini ya meza.

"Nyuzi za nini?"

"Za kukumbuka kila kimoja kimepikwaje. Nyekundu ni moto mkali. Au ni kijani. Ngoja."

Nikasahau, mbele yake, kama mtoto aliyesimamishwa darasani. Alinipa nafasi ya kukumbuka, nilipotulia akatoa mkono mmoja, akasukuma kifuniko cha kwanza kwa ukucha.

"Hiki moto mkali, mikunjo imetoka midogo kama pele za joto. Hiki moto mdogo, imekuwa mikubwa. Hiki mpako wa pili haukungoja wa kwanza utulie. Hiki," akasimama kwenye chenye uzi wa bluu, "hiki ni kizuri. Huyu mtu ana mkono. Ila ana haraka."

Hakuuliza ni nani. Mimi sikusema. Alikinyanyua chenye uzi wa bluu akiangalie kwenye mwanga, kikagongagonga kwenye kikombe chake, tiki tiki tiki, akakirudisha mezani upesi. Nikainuka kuchungulia birika kana kwamba linachemka. Birika lilikuwa baridi.

"Mwambie huyo mtu wa vifuniko," alisema nyuma yangu, "mpako wa kwanza uende kwa urefu, wa pili ukatize, wa tatu uende tena. Kati yake ahesabu pumzi mia. Taratibu."

Nilifikisha ujumbe neno kwa neno. Mjukuu wangu aliacha kusugua dashibodi, msasa mkononi, akaniangalia kama nimerudi kutoka mwezini.

"Amekufungulia?"

"Mkate ndio uliofunguliwa. Mimi nilikuwa nimeushika."

"Amesema nini kingine?"

"Amesema una mkono."

Aliniegemea begani na vumbi lake lote. Nguo ile niliifua mara mbili ndipo ikatakata.

Jumanne nzima tulihesabu pumzi. Yeye anapaka uani, mimi nahesabu kwa sauti, na nikifika sitini nachanganyikiwa kwa sababu jirani ananisalimia juu ya ukuta. Mikunjo ilitoka mizuri kuliko yote, minene, iliyoshikana. Lakini ililala kila upande. Jumatano asubuhi alikaa mezani na vifuniko vyake, kifuniko cha mzee mbele yake, akasema polepole, "Labda ndivyo ilivyo. Labda kuna mikono haifananishiki." Halafu akaanza kutafuta lile blanketi la mwalimu.

Nikamwomba kitu kimoja: anikopeshe kifuniko chenyewe kwa saa mbili. Alikifunga kwenye kitambaa kama mtoto mchanga, akanikabidhi kwa mikono miwili.

Safari hii redio ilizimwa lakini komeo likafuata hapo hapo.

"Leo mkate uko peke yake," nikamwambia. "Mzigo nimeubeba mkononi."

Nilikifunua mezani. Hakukigusa. Aliinama mpaka pua yake ikakaribia, akageuza kichwa huku na huku.

"Mpumbavu gani bado anacho hiki?"

"Hajakiharibu hata punje. Anataka kupaka dashibodi ifanane nacho. Ameambiwa apige msasa vyote, ni rahisi zaidi, na yeye amekataa. Anasema kazi yako haipigwi msasa mara ya pili."

Nilisema yote kwa mkupuo mmoja, maana nilijua nikipumzika nitaogopa. Nje mtu alikuwa anaburuta pipa la taka, tukalisikiliza mpaka likaisha.

"Mwambie basi…" akaanza, akakwama. "Mimi nilifanya kama wengine tu. Mpako, mpako, mpako, joto. Hamna siri."

"Joto la nini?"

"La oveni."

"Shemeji, nyie hamkuwa na oveni. Oveni ya kwanza kwenye koo zetu mbili ni yangu, na uliikuta mpya ukaja kuicheka."

Akakunja uso. Nikawa namwangalia na mimi nikikumbuka, na kilichonijia kwanza si rangi, ni giza. Kila mchana niliwapelekea chakula karakana, na kila mchana walikula gizani. Karakana ilikuwa na balbu mbili tu, na zote mbili mzee huyu alizitoa darini akaziingiza ndani ya sanduku lake la rangi. Mume wangu alilalamika mpaka akachoka. Siku moja alimimina chai yake kwenye kopo la bolti, akaikoroga vizuri kabisa, na ndipo akauliza kwa nini sukari ya leo haiyeyuki.

"Kopo la bolti," nikasema.

Fundi Taratibu alinyanyua kichwa. Uso wake ulianza kufunguka kutoka machoni kwenda chini. Akacheka mpaka akakohoa, mikono yote miwili juu ya meza ikitikisika, na safari hii hakuiondoa.

"Balbu. Shemeji, zile balbu. Joto linatoka kichwani mwa sanduku tu, upande mmoja. Rangi inajivuta kuelekea kwenye joto. Oveni inapasha kila upande, ndiyo maana huyo mtoto mikunjo yake haijui iende wapi."

Aliposema mtoto akajisikia mwenyewe.

"Sanduku lipo?" nikauliza.

"Lipo karakana. La mbao, ndani bati, chini nilipanga matofali yashike joto. Balbu ninazo za akiba, za zamani, nimezivisha soksi. Za siku hizi hata mkono hazikupashi." Akasugua magoti. "Lakini halibebeki. Mimi siwezi, wewe huwezi. Anatakiwa mtu mwenye mgongo."

Wengine watasema nilipanga. Sikupanga. Nilikaa nikimtazama tu, naye akatazama dirishani.

"Aje kesho asubuhi," akasema. "Mimi nitakuwa chumbani, nimelala."

Alhamisi tulifika jua likiwa changa, mjukuu wangu kabeba dashibodi begani na bomba la rangi lile lile alilopewa, limefungwa kwenye kitambaa kile kile. Mlango wa mbele ulikuwa wazi. Wa chumbani ulikuwa umefungwa.

"Shikamoo, Babu," mjukuu wangu akauambia mlango.

Tukapita hadi karakana. Kulikuwa na vumbi, lakini sakafu ilikuwa imefagiliwa njia moja, kutoka mlangoni hadi kwenye sanduku, na alama za ufagio zilikuwa za kwenda na kurudi, za mtu aliyepumzika mara nyingi. Juu ya sanduku zilikuwepo soksi mbili, zimepangwa. Mjukuu wangu alizishika akaweka shavuni, halafu akaona namtazama, akajifanya anakagua kama zina tundu.

Alijaribu kuinua sanduku. Upande mmoja ulipanda kidogo, ukashuka kwa kishindo.

"Usiburute, utavunja matofali." Sauti ilitoka kwenye dirisha la chumba, lililoangalia uani. Pazia lilikuwa limefungwa. "Fanyia hapo hapo."

"Sawa, Babu."

"Mimi nimelala."

"Sawa, Babu."

Alitundika dashibodi kwenye waya, akaifuta kwa thina, akaanza. Mpako wa kwanza, kwenda. Mimi nikahesabu pumzi, na kwa kuwa hapakuwa na jirani wa kunisalimia nilifika mia bila kupotea. Wa pili, kukatiza. Nilipofika themanini pazia likasema, "Unahesabu upesi, shemeji." Nikarudi hamsini. Mpako wa tatu. Kisha akailaza ndani ya sanduku, akazitoa balbu kwenye soksi, akazifunga mahali pake, akawasha.

"Umeilaza mbali na kichwa kiasi gani?" pazia likauliza.

"Shubiri moja."

"Ya kwako au ya kwangu?"

Mjukuu wangu akaangalia mkono wake. "Ya kwangu."

"Yako ndogo. Rudisha nyuma. Si hivyo. Aa, si hivyo, nasikia unavyoburuta."

Komeo la chumba likalia. Fundi Taratibu akatoka uani na kofia yake, na nikaona kwanza shati: vifungo vyote mahali pake, mpaka kile cha juu kabisa. Sijui alianza kukifunga saa ngapi. Akapita mbele yangu bila kunitazama, akasimama juu ya sanduku, akanyoosha mkono kuonyesha mahali, na mkono ukatikisika juu ya rangi mbichi. Mjukuu wangu hakuushika wala hakugeuka pembeni. Aliweka wake chini ya ule wa mzee, hewani, akangoja. Shubiri ya mzee ikapima, kutoka balbu hadi bati. Akasogeza mpaka hapo.

Tukainama wote watatu. Kwa muda rangi ilitulia, nyeusi, inang'aa, haina habari na sisi. Halafu upande wa balbu ikaanza kukunja uso. Mstari mmoja, mwingine nyuma yake, ikaja ikifuatana kuelekea kwetu taratibu, yote imelala upande mmoja.

"Haya," mzee akasema. "Tazama inavyokuja."

Mjukuu wangu alikuwa analia, akiwa makini machozi yasidondokee rangi.

"Nilidhani nakusaidia, Babu. Siku ile."

"Najua."

"Nilidhani ukikiona asubuhi kiko vizuri, utafurahi."

"Najua ulidhani hivyo. Ungekuwa mtu mbaya ningekusahau wiki ile ile." Akavuta ndoo akaipindua, akaikalia. "Kilichoniuma ni kwamba niliona. Jioni ile niliona nimeharibu. Nikaenda nyumbani nikapanga: kesho nitamwambia, mwanangu, mkono umeniangusha, shika msasa tupige wote. Nilijifunza maneno hayo njiani kama shairi. Nikafika, nikakuta kazi imeshakwisha. Maneno yangu nikakosa pa kuyaweka."

Mjukuu wangu akafuta uso kwa mkono wa shati.

"Yaseme sasa."

"Nini?"

"Hayo maneno. Mimi nipo."

Mzee alimtazama, akaniangalia mimi kama anayeomba msaada. Nikatazama balbu.

"Mwanangu," akasema, "mkono umeniangusha."

"Sawa, Babu. Tutapiga msasa wote."

Alikubali kwa kichwa mara kadhaa. Kisha akasema balbu ya kulia ina joto kuliko ya kushoto, tugeuze dashibodi, mbona tumelala.

Mchana ilikuwa imekauka. Tuliiweka mezani jikoni kwake, kifuniko cha zamani kimepachikwa mahali pake. Mjukuu wangu alifumba macho akapitisha kidole kutoka kipya kwenda cha zamani, akarudi, akarudi tena. Mzee naye akapitisha cha kwake, kikienda kwa kurukaruka.

"Hapa ni mimi," akasema. "Hapa ni wewe."

"Bado inaonekana?" Mjukuu wangu alishtuka.

"Mwalimu hataona. Fundi wake hataona. Shemeji, wewe unaona?"

"Mimi naona dashibodi."

"Basi. Tunaona wawili tu, na wawili hao wote wako hapa."

Nikakata mkate. Mjukuu wangu akamimina chai, nusu kikombe kwa mzee. Mzee akaangalia kikombe, akaangalia mtoto, akasema, "Jaza. Ikimwagika tutafuta." Akajaza. Ikamwagika kidogo, tukafuta.

Tulipokuwa tunafungasha, mjukuu wangu akauliza kama tukodi mkokoteni tulichukue sanduku, kwa kuwa kazi za namna hii zipo nyingine, ana kisanduku cha geji kinamngoja. Mzee akatikisa kichwa. Sanduku ni zito mno, akasema. Litavunja mkokoteni.

Matofali yale hayajajengewa. Yamepangwa tu. Mtu akiyatoa moja moja, sanduku linabebeka na watu wawili bila taabu. Mzee analijua hilo, ndiye aliyeyapanga. Mimi nililijua, niliyaona yakitolewa kufagiliwa miaka yote ile. Na mjukuu wangu alikuwa ameinama juu yake asubuhi nzima, tena macho anayo.

"Kweli ni zito," akasema.

"Zito sana," nikasema mimi.

Mzee akatusindikiza mpaka nje, kitu ambacho hakuwa amekifanya muda mrefu, na jirani mwenye maua akasimama na ndoo yake kumtazama. Alibaki ameshika nguzo ya mlango, ili mkono upate kazi. Tulikuwa tumeshafika barabarani aliponiita.

"Shemeji. Hicho kisanduku cha geji mnakileta lini?"

"Tutaona."

"Msione. Njooni Jumatatu. Wote wawili." Akafikiri kidogo. "Na mkate uje nao kikapu kile kile, nimeshauzoea."